Panya wa maabara "wenye usonji" wakiwekewa vitu vya kuchezea wanabadilika. Mpwa wangu naye kabadilika Katonga. Nini kimefanya kazi?

#1 MwishoWaReli_88

Wakuu, habari.

Niko Kigoma mjini, Mwanga, nauza saruji na misumari. Siyo daktari, kwa hiyo mkinisahihisha msinikanyage.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliye Dar. Akiwa na miaka minne hospitali wakasema ana usonji. Hasemi, hakuangalii usoni, anazungusha kizibo cha chupa toka asubuhi mpaka giza. Bodaboda ikipita anaziba masikio na kulia. Dada alipanga chumba kimoja, mlango unakaa na komeo muda wote kwa sababu dogo akipata upenyo anatimkia barabarani. Alipofika miaka sita, kazi zikambana dada, akamleta kwa mama yetu Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaloni kabisa.

Miezi miwili baadaye nakwenda kumsalimia mama, namkuta dogo kakaa naye kwenye chanja ya dagaa anatoa uchafu mmoja mmoja. Kizibo kipo, ila kiko mfukoni. Kisha akanishika kidole, akanivuta mpaka kwenye mtungi, akasema "maji". Miaka sita sikuwahi kumsikia anasema neno. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mitumbwi.

Sasa juzi nimekutana na habari ya majaribio. Kuna panya wanaoonyesha dalili kama za usonji, wanajisugua manyoya bila kuacha, hawataki wenzao. Wakahamishiwa vizimba vikubwa vyenye gurudumu la kukimbilia, mabomba ya kupita, matambara ya kujengea kiota, na vitu vinabadilishwa badilishwa. Kujisugua kukapungua.

Swali langu: kama gurudumu na matambara vinambadilisha panya, Katonga yote ile yenye maji, mchanga, nyavu na binamu tisa si ndiyo imembadilisha dogo? Au najidanganya?

#2 Kokoto

Nimefungua mbio nikidhani lile genge la vibaka la Dar, Panya Road, limehamia Kigoma. Kumbe panya wasomi. Haya, nakaa hapa na karanga zangu.

#3 MtuWaVizimba

Mleta uzi, swali zuri. Niliwahi kufanya kazi ya kulisha na kusafisha wanyama wa maabara Morogoro, niongeze mawili matatu.

Kwanza, lugha yetu inatuchanganya. Sisi tunaita wote panya. Wenzetu wanatenganisha yule mdogo wa gramu 20 au 30 na yule mkubwa anayepita gramu 300. Ni wanyama wawili tofauti. Majaribio mengi ya usonji siku hizi yanatumia wale wadogo, kwa sababu jeni zao zimezoeleka kuchezewa. Lakini moja ya kazi zinazotajwa sana, ile ya mwaka 2006 ya kundi la Schneider kule Poland, ilitumia wale wakubwa. Mama zao walichomwa valproate wakiwa na mimba, dawa ya kifafa, na watoto wakazaliwa na tabia zinazofanana na usonji. Waliokulia kwenye vizimba vyenye vitu wakachangamana zaidi na wenzao na kupunguza tabia za kurudiarudia.

Pili, hao unaosema wanajisugua nadhani ni ukoo unaoitwa BTBR. Wale hawakuchezewa jeni kwa makusudi, walizaliwa hivyo tu na wakaonekana wana tabia hiyo. Hata lile daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo hawana. Mwaka 2013 ilitoka kazi iliyoonyesha kwamba BTBR wakikaa kwenye mazingira yenye vitu, muda wa kujisugua unapungua. Hapo hujakosea.

Tatu, na hili ndilo kubwa: hakuna panya mwenye usonji. Kuna panya anayefanya kitu ambacho mtu akikiangalia anasema "kinafanana".

#4 Nesi_wa_Zamu

Nakazia la valproate kabla mtu hajalichukua kichwa kichwa. Ni kweli, hata kwa binadamu dawa hiyo wakati wa mimba inaongeza hatari kwa mtoto, usonji ukiwemo. Lakini mama mwenye kifafa asiache dawa mwenyewe kwa sababu amesoma uzi. Kifafa cha mfululizo kinaua. Aende kliniki abadilishiwe, ikiwezekana kabla hajabeba mimba.

Endeleeni.

#5 KukuWaMwandiga

Mimi sina panya, nina kuku 400. Walikuwa wanadonoana mpaka damu. Nimepunguza mwanga, nimekata midomo, wapi. Jirani akaniambia ning'iniza kabichi kwa kamba, juu kidogo, wawe wanairukia. Ndani ya wiki kudonoana kumepungua sana.

Sijawahi kusema kuku wangu walikuwa na ugonjwa. Walikuwa hawana kazi.

#6 Mzee_Kipingamizi

Watu mnapenda miujiza. Mtoto alikuwa na miaka minne, sasa ana sita. Watoto wanakua! Wa kwangu wa tatu hakusema mpaka miaka mitano, leo ni kondakta wa basi la Kasulu, huwezi kumnyamazisha. Angebaki Dar angesema "maji" hukohuko.

#7 MwishoWaReli_88

@Mzee_Kipingamizi shikamoo mzee. Inawezekana. Ila miaka miwili ya Dar hakusogea hata hatua, miezi miwili ya Katonga kasogea. Hiyo unaielezaje?

#8 Mzee_Kipingamizi

Marahaba. Naieleza hivi: muwa unakaa kimya, siku moja unauona umepita uzio. Hukuwepo ulipokuwa unakua.

#9 Binti_Ujiji

Nina binti wa miaka 14 mwenye usonji, kwa hiyo siongei kwa kusoma.

Nilipoambiwa "mchangamshe" nilinunua kila kitu. Ngoma, mdoli unaoimba, bembea uani, nikaita watoto wa mtaa mzima waje kucheza. Binti akaanza kujiuma mikono. Alikuwa haumi kabla. Kilichomsaidia ni kona moja ya chumba niliyoizungushia kitenge, ndani kuna godoro na kapu la vitambaa laini. Anaingia mwenyewe, anatoka mwenyewe. Baada ya mwaka ndipo alianza kukaa na sisi barazani.

Kwangu mimi kuongeza kuliharibu, kupunguza kukatengeneza. Sasa panya wenu wanasemaje kuhusu hilo?

#10 MtuWaVizimba

@Binti_Ujiji pole na hongera. Hata kwa panya kitu hicho kipo. Kuna koo ambazo madume wakiwekewa vitu vingi wanaanza kuvipigania, vita vinaongezeka. Na ukiangalia kinachowekwa kwenye vile vizimba, siyo magurudumu tu. Kuna kijumba cha kujificha na matambara ya kiota. Panya anayeweza kujificha ana uamuzi. Kitenge chako ni kijumba hicho.

Lakini niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu historia yake inanoga. Mwaka 1947 Donald Hebb wa Kanada aliripoti kwamba panya aliowachukua nyumbani, wakalelewa na watoto wake wakizurura ndani ya nyumba, walikuwa hodari wa kutatua mafumbo kuliko wa maabara. Miaka ya 1960 Rosenzweig, Bennett na Diamond huko Berkeley wakawapima ubongo kabisa, wakakuta gamba la ubongo la waliokaa na vitu na wenzao ni zito na nene zaidi. Mwaka 1997 Kempermann na Gage wakaonyesha kwamba hata panya aliyekwisha kukua, akikaa na vitu, anapata seli mpya zaidi za neva kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu.

Sasa jiulizeni: wanalinganisha na nani? Kizimba cha kawaida cha panya wadogo kinakaribia boksi la viatu. Maranda chini, chakula juu, chupa ya maji, basi. Maabara nyingi zinawaweka kwenye nyuzi 20 hadi 22 wakati panya mwenyewe akichagua anakwenda penye karibu 30. Yaani huyo "wa kawaida" ni mfungwa anayesikia baridi. Huyo mwingine wanasema "ameongezewa". Mimi niliyekuwa nawasafishia nasema amerudishiwa.

#11 Sokwe_Mtu

Hapo #10 umenigusa. Mimi naongoza wageni Gombe. Wageni wanapenda ile habari ya mwaka 1960, Jane Goodall kumwona sokwe anachokonoa mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti. Baadaye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zikajenga vichuguu vya saruji, wakaweka asali kwenye matundu, sokwe wa kifungoni wapate cha kuchokonoa. Maana sokwe aliyefungiwa peke yake anajitikisa mbele nyuma, anajing'oa manyoya. Ukimwona utasema ana usonji.

Gombe nzima sijamwona sokwe anayejitikisa hivyo. Na hakuna aliyemjengea kichuguu.

#12 Kokoto

Kwa hiyo saruji ya kichuguu, mleta uzi, wewe ndiye unayeuza? Nimeanza kuielewa biashara hii.

#13 Fundi_Karabai

Mleta uzi, swali moja tu. Dogo alifika Katonga lini hasa?

#14 MwishoWaReli_88

Juni 2024, wiki ya kwanza au ya pili. Kwa nini?

#15 Fundi_Karabai

Kwa sababu mimi ni mvuvi na nakaa Kibirizi. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024 mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Hakuna kipe, mtumbwi wa kuvulia dagaa, kilichotoka, hakuna injini usiku, hakuna wachuuzi alfajiri, hakuna mtu anapiga kelele za bei. Mwalo ulikuwa kimya kama makaburini. Nilisikia mawimbi, na nina miaka 20 pale.

Na wanaume wote tulikuwa nyumbani! Usiku tunalala, mchana tunashona nyavu na kucheza na watoto. Mwanangu mwenyewe alinizoea mwaka ule.

Kwa hiyo dogo hakuja kwenye "Katonga yote ile". Alikuja Katonga iliyozimwa. Na hao dagaa wa kwenye chanja wametoka wapi, ziwa limefungwa?

#16 Kokoto

Daaah. Nimemwaga karanga.

#17 MwishoWaReli_88

Nimekaa nafikiri. Mkuu Fundi uko sahihi na sikuwahi kuunganisha.

Dagaa ni wa akiba, mama alikuwa na magunia mawili ya kabla ya kufunga, anayaanika tena yasipate ukungu. Na mdogo wangu ambaye ni mvuvi kweli alikuwa nyumbani miezi yote hiyo. Dogo alikuwa anakaa mgongoni kwake akishona nyavu.

Na kuna kitu sikukisema kwenye #1, labda sikutaka kukisema. Ziwa lilipofunguliwa, injini zikaanza, taa, watu, dogo alirudi nyuma. Kizibo kikatoka mfukoni. Wiki tatu hakusema "maji", alikuwa analala chini ya kitanda cha bibi. Halafu taratibu akatoka tena. Sasa hivi injini zipo na yeye yupo nje, akiwa na kitambaa cha bibi kichwani kimefunika masikio.

Kwa hiyo ni utulivu ndio uliomfungua, au ni mjomba wake, au ni vile alivyotoka yeye mwenyewe mara ya pili wakati kelele zimerudi?

#18 Mzee_Kipingamizi

Mara ya pili alitoka kwa sababu amekua. Nilisema #6.

#19 Nesi_wa_Zamu

Niseme kitu ambacho hakitapendwa. Baada ya 1989 watoto wengi wa vituo vya yatima vya Romania walichukuliwa na familia za Uingereza. Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia, na mwaka 1999 wakaandika kwamba baadhi yao walikuwa na tabia zinazofanana sana na usonji, kujitikisa, kutoangalia watu, lakini wengi wao zikapungua walipokaa kwenye familia. Hawakuwa na usonji wa kuzaliwa. Walikuwa wamenyimwa watu.

Mtoto wa chumba kimoja, mlango una komeo, miaka sita. Je, kile kilichoandikwa Dar kilikuwa usonji kweli?

#20 Binti_Ujiji

Dada Nesi, naomba usinikasirikie lakini hapo umegonga kidonda.

Unajua hiyo njia inaishia wapi? Inaishia kwa mama. Miaka ya 1950 na 1960 huko Marekani akina Bettelheim waliwaambia kina mama kwamba mtoto ana usonji kwa sababu mama ni baridi kama jokofu. Walikuja kuonekana hawana ushahidi, lakini kina mama walishaumia. Mimi hapa Ujiji sikuitwa jokofu, niliitwa mchawi. Wengine wakasema nilimkalia mtoto mimba vibaya. Komeo mlangoni siyo kumnyima mtoto watu. Ni kumzuia asigongwe na gari. Na yule mama alikuwa naye humo ndani. Watoto wa Romania hawakuwa na mama ndani.

#21 Nesi_wa_Zamu

Pole dada, nimekuelewa. Sikumaanisha mama. Na kweli, mtoto aliye na mama yake hawezi kulinganishwa na aliyelala kitandani kituoni bila kubebwa. Naliondoa nusu ya swali, nusu nabaki nayo: aliyempima alimpima kwa muda gani?

#22 Mganga_Njaa

Chanjo hamjaitaja. Au mnaogopa?

#23 Nesi_wa_Zamu

Hatuogopi. Ile makala ya Wakefield ya 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza mwaka huohuo. Ilikuwa na watoto 12 tu. Tusonge.

#24 MtuWaVizimba

Turudi kwa panya, maana nadhani wana jambo la kumwambia mleta uzi hapo #17.

Mwaka 1999 Crabbe na wenzake walichukua panya wa koo zilezile, umri uleule, chakula kilekile, vifaa vilevile, wakawapima siku moja kwenye maabara tatu: Portland, Albany na Edmonton. Walijitahidi kila kitu kifanane. Majibu ya baadhi ya vipimo yakatofautiana hata hivyo. Mtu anayewashika, hewa, sijui nini, kitu fulani cha mahali kiliingia.

Halafu 2014 kundi la Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, likaonyesha kwamba panya akinusa mwanamume chumbani, hata fulana tu iliyovaliwa na mwanamume, anapata msongo kiasi cha kutoonyesha maumivu. Fulana ya mwanamke haina athari hiyo.

Sasa ndugu yangu unataka kujua ni nini kilimbadilisha dogo: ziwa, utulivu, mjomba, bibi, umri, binamu. Wenzetu wana vizimba mia na bado fulana inawaharibia hesabu.

#25 Kokoto

Kwa hiyo panya ananusa fulana ya mwanamume anapata msongo. Mke wangu amekuwa akisema hivyo miaka minane, hakuna jarida lililomchapa.

#26 Sokwe_Mtu

😂😂 Na fulana ya mvuvi je? Fundi, maabara usisogelee.

#27 Fundi_Karabai

Mimi panya wa Kibirizi wananisalimia.

#28 Mwl_Tembele

Nimesoma uzi wote. Mbona mnaongea panya tu wakati jambo hili limejaribiwa kwa watoto? Woo na Leon wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka 2013. Wavulana 28 wenye usonji, miaka 3 hadi 12. Wote waliendelea na huduma zao za kawaida, ila nusu waliongezewa mazoezi ya nyumbani kila siku kwa miezi sita: kunusa harufu mbalimbali, kukanyaga na kushika vitu vya miparuzo tofauti, mikono kwenye maji ya baridi na ya moto, muziki. Mwisho, asilimia 42 ya walioongezewa walipiga hatua kubwa kwenye kipimo cha ukali wa usonji, dhidi ya asilimia 7 ya wengine. Na walisema wazi kwamba wazo walilitoa kwenye kazi za wanyama.

Maji baridi, harufu, mchanga chini ya nyayo. Katonga hiyo, mleta uzi. Harufu ya dagaa pekee inatosha dozi.

#29 MtuWaVizimba

Mwalimu, hiyo kazi naiheshimu lakini 28 ni wachache. Na wazazi walijua mtoto wao yuko kundi gani, maana wao ndio waliokuwa wanafanya mazoezi. Mzazi anayekaa na mtoto mara mbili kwa siku kwa miezi sita, kilichofanya kazi ni harufu au ni mzazi? Kwa panya angalau gurudumu halimpendi panya.

#30 Mwl_Tembele

Hapo umenikamata. Ila kama ni mzazi ndiye aliyefanya kazi, si bado ni mazingira? Mtu siyo sehemu ya kizimba?

#31 KukuWaMwandiga

Kabichi langu halimpendi kuku na bado lilifanya kazi. Nasema tu.

#32 Mzee_Kipingamizi

Na mimi naomba kuuliza hao panya wanapimwaje. Panya hajui kusema "maji". Mnajuaje kwamba "anachangamana"?

#33 MtuWaVizimba

Swali zuri mzee. Kuna boksi la vyumba vitatu. Panya anawekwa cha katikati. Upande mmoja kuna panya mgeni ndani ya kikombe cha waya, upande wa pili kikombe kitupu. Unahesabu dakika: anakaa wapi zaidi? Panya wa kawaida anakwenda kwa mgeni. BTBR hajali.

Kingine ni gololi. Kweli, gololi za kuchezea watoto. Unazipanga 20 juu ya maranda, unamwacha nusu saa, unahesabu alizozika. Wengine wanasema anayezika nyingi ana tabia ya kurudiarudia. Wengine wanasema ni woga. Wengine wanasema panya anachimba tu, gololi zimemkuta njiani.

#34 Mzee_Kipingamizi

Hao wa mwisho ni watu wangu.

#35 mama_wa_huyo_mtoto

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Kaka kanitumia kiungo mwenyewe, nadhani hakujua naweza kusoma mpaka #19.

Mimi ndiye mama. Sina kifafa, sijawahi kumeza hiyo dawa, msinitafutie. Chumba kilikuwa kimoja ndiyo, lakini kila Jumapili tulikwenda Kigamboni baharini, maji hakuyaona mara ya kwanza Katonga. Miezi minne kabla hajaondoka nilihama, nikapata chumba mbali na barabara, na televisheni nikaiuza kulipia gari la kumpeleka mazoezi ya kuongea. Pale mazoezini alishaanza kusema "ma". Sikujua ni mama au ni maji. Nilichagua ni mama.

Kwa hiyo kaka, hilo neno ulilolisikia mtungini lilianzia Dar. Hukuniuliza.

Aliyempima alimpima mara tatu kwa mwezi mzima, dada Nesi. Usonji anao. Anao na leo, akiwa anacheka.

#36 Nesi_wa_Zamu

Pole sana dada. Na asante. Nafuta nusu yangu iliyobaki.

#37 Binti_Ujiji

Karibu mama. Ukija Kigoma nitafute, nina kitenge cha ziada.

#38 MwishoWaReli_88

Dada nisamehe, nilipaswa kupiga simu kabla ya kufungua uzi. Nilifurahi nikadhani tumegundua kitu.

#39 Mwl_Tembele

Mama umeongeza sababu mbili juu ya sita tulizokuwa nazo: kuhama mbali na kelele, na mazoezi. Mimi bado nasimama na Katonga, mazoezi yaliwasha, mwalo ukapuliza.

#40 MtuWaVizimba

Mimi nasimama na kupunguza, siyo kuongeza. Angalieni: chumba kipya mbali na barabara, ziwa limefungwa, kitambaa masikioni. Mara zote tatu kelele imeshuka.

#41 Mzee_Kipingamizi

Na mara zote tatu umri umepanda.

#42 Nesi_wa_Zamu

Kwa anayeogopa kwamba mtoto wake ameshapita umri: mwaka 2007 kundi la Adrian Bird kule Scotland lilirudisha jeni ya Mecp2 kwa panya waliokwisha kukua, ile inayohusika na Rett, ugonjwa wa ukuaji wa ubongo, na dalili zikapungua. Ni panya, ni jeni, siyo magurudumu, na Rett siyo usonji wa huyu mtoto. Lakini wengi walidhani ubongo uliokwisha kukua umefungwa milango.

#43 MwishoWaReli_88

Mrejesho. Jumapili nimekwenda Katonga na gololi 20, mzee wa vizimba kanitia hamu.

#44 Nesi_wa_Zamu

Mkuu gololi zinaweza kumkaba mtoto koo. Ulikaa naye?

#45 MwishoWaReli_88

Nilikaa naye, bibi upande mmoja, mimi upande mwingine, mdogo wangu nyuma. Nimezipanga kwenye mchanga safu nne za tano tano, nikaangalia saa.

Hakuzika hata moja. Alizichukua moja moja akatembea hadi majini, akairusha, akasubiri mpaka viduara viishe, akarudi kuchukua nyingine. Hakukimbia. Injini ya kipe ikapita, akashika kitambaa chake, akasubiri, akaendelea.

#46 Kokoto

Hilo linahesabiwa kurudiarudia au kuchangamana?

#47 MtuWaVizimba

Kwenye jedwali langu la kuhesabia halina safu.

#48 mama_wa_huyo_mtoto

Alirusha zote?

#49 MwishoWaReli_88

Kumi na tisa. Ya ishirini alinipa mimi. Sikuelewa, nikaiweka mfukoni. Akaitoa mfukoni akanirudishia mkononi, akanigeuza nikaangalia ziwa.

#50 Fundi_Karabai

Ukairusha mbali au karibu? Mana hapo Katonga kuna jiwe, tutakuja kuzinasa kwenye nyavu.